Tairi la Kwanza la Asubuhi

Mtu akiniuliza siku hizi nilikuwa nikifanya kazi gani zamani, humwambia nilikuwa nikitazama matumbo ya matairi. Wengi hucheka wakidhani nafanya mzaha. Sina mzaha nao. Shimanzi, nyuma ya maghala, palikuwa na kiwanda kilichochukua matairi ya malori yaliyoisha meno, kikayakwangua, kikayavisha mpira mpya na kuyapika katika matanuri, na halikutoka mlangoni tairi hata moja bila kutazamwa. Mtazamaji nilikuwa mimi. Mimi na mtani wangu.

Mtani alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mtu mzima aliyenizidi umri, Mkristo wa kwenda kanisani na koti kila Jumapili hata jua liwe vipi. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, kuzaliwa na kukulia. Watu wake na watu wangu ni watani tangu hapo, kwa hivyo siku ya kwanza nilipoketi mbele yake na buibui langu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Leo Mvita mumeishiwa na nini, hata mutuletee wanawake zenu watutazamie matairi?" Nikamjibu kwamba nimeletwa kuwafundisha Wagiriama kuketi juu ya viti. Msimamizi wetu, mtu wa bara asiyejua mambo hayo, alishtuka akadhani tunagombana. Sisi tulikuwa tumeshamaliza kujuana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tairi liliwekwa baina yetu juu ya magurudumu madogo ya chuma, likazungushwa polepole kwa mkono, na taa ikaning'inia kwa waya juu yake. Yeye alitazama nje: meno, mabega, na pale mpira mpya ulipokutana na mkuukuu. Mimi nilitazama ndani, kwa sababu mkono wangu ni mdogo na huingia vizuri. Kusema kweli ni kupapasa zaidi kuliko kutazama. Mpira ulioshika huwa umetulia chini ya vidole, na wenye hewa ndani huwa kama shavu la mtoto aliyeficha peremende. Mzunguko ukiisha, mmoja humwuliza mwenzake, "Waonani?" Mwenzake akijibu, "Sioni kitu," tairi limepita. Ukisikia amenyamaza, ujue ameona.

Tairi lililopita lilitiwa alama mbili za chaki begani, kila mmoja yake, ili ghalani wajue kwamba limeonwa na watu wawili. Desturi niliyoikuta ni mistari miwili inayokatana. Nikaifuata wiki nzima, mpaka mtani aliponiambia kwa upole kabisa kwamba padri wake akisikia napiga msalaba kwenye kila tairi la Mombasa, atakuja mwenyewe kunibatiza. Nikanuna. Kesho yake niliacha mstari nikaanza kuchora mwezi mchanga, kijipinde tu, karibu na mstari wake. Msimamizi akauliza hii ni nini tena. Mtani akamwambia, "Huo ni mwezi, bwana. Kwao huyu hata tairi lafunga Ramadhani." Basi matairi yetu yakawa yakitoka na mstari na mwezi, na ghalani wakazoea.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu nataka ijulikane kwamba huyu ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kuzungumza naye. Si mmojawapo. Ndiye. Mume alikuwa ameniacha, mama amekufa, kaka yangu yuko Maskati na dada yangu Jiddah, nami nimebaki na nyumba ya mawe ya baba, ghorofa ya juu. Chini tulimpangisha mfanyabiashara aliyeweka magunia ya viungo, na mlango wake ulifunguliwa kwa nadra. Nikitoka kazini nilitembea kwa miguu, nikapita Mwembe Tayari katikati ya mabasi ya bara na makelele ya wapiga debe, nikaingia vichochoroni kwetu, nikanunua mbaazi na mahamri kwa mama wa pale kwenye kona. Tukaulizana hali, na hapo maneno yangu ya siku yamekwisha. Nikiwa juu niliwasikia majirani wakila, wakicheka, wakiwakemea watoto. Ukuta wa mawe ni mnene lakini kicheko hupita.

Harusini nilikuwa nikialikwa, kisha nikaacha kualikwa, au labda niliacha kwenda, sikumbuki kipi kilianza. Harufu ya mpira haitoki. Nilijifukiza udi, nikajipaka hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, lakini nikishaketi mwanamke wa pembeni yangu alianza kujipepea, kisha akasogea kidogo, kwa adabu. Mimi si mtu wa kusogewa mara mbili. Nikawa nakaa kwangu.

Hata kiwandani, nje ya lile tairi, mimi na mtani hatukuwa na pa kuonana. Mchana wanaume walikwenda kula kibandani, barabarani. Mimi nilikula katika chumba cha kubadilishia nguo. Jioni lori la kiwanda liliwapakia waliokaa ng'ambo ya Makupa, nami nilikuwa nimeshashika njia yangu. Sikujua nyumba yake wala yeye hakujua yangu, na haikuwa heshima kuulizana, maana watu wangepata la kusema. Wala sikumpenda kwa namna hiyo wanayoidhania watu. Nilipenda kuulizwa "Waonani?" na mtu aliyekuwa akingoja jibu.

Mashine ilikuja katikati ya miaka ya tisini, wakati matairi ya mitumba yalipokuwa yakishushwa bandarini kwa mafungu na wenye malori wameanza kuacha kuvisha yao ya zamani. Mwenye kiwanda alisema tutashindana kwa ubora. Akanunua mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, ikaja katika sanduku la mbao kubwa kuliko chumba changu, pamoja na injinia kijana wa Nairobi aliyekuwa ameisomea. Nilijiandaa kumchukia. Akaniharibia kwa kuwa na adabu. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza tunatazamaje, akaingiza mkono wake tumboni mwa tairi akapapasa na kukunja uso akijaribu kusikia tunachosikia sisi.

Mashine yenyewe ilikuwa na taa za kumulika kwa mshazari, na kamera. Tairi liliingia kwa mlango mmoja, likainuliwa, likazungushwa, kamera ikalipiga picha nje na ndani, na kompyuta ikazilinganisha na picha za tairi zima ilizofundishwa. Ikiona tofauti, kwenye kioo ilichora kisanduku cheupe kuizunguka, ikalia ti, ti. Mtu aliyeketi mbele ya kioo ndiye aliyeamua. Akibonyeza kitufe cha kijani, tairi linakwenda ghalani. Akibonyeza chekundu, linarudi upande wa matanuri kwa mlango wa ubavuni.

Na ilikuwa ikiona, sitaki kuisingizia. Siku ya kuionyesha, mbele ya mwenye kiwanda na watu wote, ilikamata ufa mwembamba kama unywele kwenye tairi ambalo mimi na mtani tulikuwa tumeambiana sioni kitu. Tulisogea kulitazama tena, na ufa ulikuwepo. Kisha ikakamata kitu kingine. Kila tairi letu lilipoingia, ikalia kwa mstari wa mtani, ikalia kwa mwezi wangu, visanduku viwili vyeupe bega moja. Watu walicheka. Injinia akaeleza, karibu kwa kuomba radhi, kwamba mashine haijui chaki, inachojua ni kwamba pana kitu ambacho hakikupaswa kuwepo. Ikapigwa marufuku chaki kiwanda kizima. Haikuhitajika tena, akasema meneja, maana tangu sasa tairi litaonwa na mashine na mtu mmoja.

Mtu mmoja gani, alituachia wenyewe. Mmoja wetu ataketi kwenye mashine. Mwingine atahamia matanuri, apokee matairi yakitoka, ayakate vinyweleo vya mpira na kuyasukuma mpaka mlangoni pa mashine.

"Keti wewe," mtani akaniambia, hata sijafungua mdomo. "Huko kwenye moto si mahali pako."

"Kwani mimi nimetengezwa kwa sukari?"

"Hukutengezwa kwa sukari, hilo Pwani nzima yalijua. Lakini mato yangu yashachoka, mtani. Na kiti chenyewe kina mto."

Nilikasirika naye. Nilitaka agombanie kile kiti, au aseme kwamba hapana, bwana meneja, sisi tumezoea kutazama wawili. Akanipa kiti kwa wepesi, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, kana kwamba hakuona tunachopoteza. Siku nzima sikumpa uso. Ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kuketi pamoja, na niliimaliza kwa kununa.

Mashine ilitaka giza. Walijenga chumba kidogo cha mbao, wakakipaka rangi nyeusi, wakatundika pazia zito mlangoni. Kompyuta ilitaka baridi, wakatia kipoza hewa. Nadhani nilikuwa mtu wa pekee Mombasa aliyevaa sweta mwezi wa Februari. Niliketi humo tangu asubuhi mpaka king'ora, natazama kioo kilichojaa mpira wa kijivu unaozunguka, nikabonyeza kijani, kijani, kijani, mara chache chekundu. Siku za mwanzo nilikuwa nikisema kwa sauti, "Sioni kitu," kila nilipobonyeza. Kisha nikajisikia, nikaacha.

Ukimya wa nyumbani niliuzoea, maana nilikuwa nikiuvumilia kwa sababu kesho kuna kazi. Sasa nikawa natoka kwenye ukimya naingia kwenye ukimya. Baina ya "hujambo" ya mlinzi langoni na "hujambo" ya mama wa mbaazi, kuna siku sikutamka neno hata moja. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa na mwili mzima na kazi nzuri yenye kiti cha mto, na nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuchelewa makusudi pale kwenye kona, nikichagua hamri moja moja, ili yule mama aseme jambo la pili.

Mtani alikuwa nyuma ya ukuta tu. Matairi yote niliyoyaona yalikuwa yametoka mikononi mwake. Lakini matanuri yalikuwa yakivuma, na mimi nimefungiwa, na mtu wa matanuri hana sababu ya kufunua pazia la mtu wa mashine.

Ikawa asubuhi moja, tairi la kwanza, mashine ikalia. Nikatazama. Kile kisanduku cheupe kilikuwa kimezunguka mstari mfupi begani, umelalia kushoto kidogo. Mstari wake ulikuwa ukilalia kushoto siku zote. Nikasema moyoni, mzee huyu amesahau, atatiwa matatani. Nikabonyeza kijani kabla hajaingia mtu, na nikaendelea kumkasirikia mpaka mchana. Kesho yake, tairi la kwanza, ti, ti, mstari ule ule. La pili halikuwa na kitu, wala la tatu, wala yaliyofuata. Siku iliyofuata tena, la kwanza peke yake. Ndipo nikaelewa kwamba hakusahau chochote. Alikuwa akiniambia sabalkheri.

Nilicheka peke yangu gizani, nikaziba mdomo kwa mkono wa sweta.

Shida ikawa kumjibu. Tairi la kijani huenda ghalani, hataliona tena. Linalorudi kwake ni lililokataliwa tu. Nilifikiri usiku kucha, na asubuhi nikaja na kipande cha chaki kilichobaki katika mkoba wangu tangu zamani. Tairi la kwanza likalia. Nikafungua kidirisha cha mashine kilichokuwa kando ya kiti changu, nikanyoosha mkono nikachora mwezi mchanga chini ya mstari, nikabonyeza chekundu. Tairi likashuka, likatokea mlango wa ubavuni. Nikangoja, moyo unanidunda kama nimeiba. Baada ya kitambo tairi lilelile likaingia tena, bega limefutwa kwa kitambaa cha maji, bado limelowa. Mashine ikalizungusha na haikuona neno.

Hiyo ikawa salamu yetu ya kila siku. Mstari, mwezi, kitambaa, kijani. Hakikuharibika kitu, na sikuona haya hata kidogo. Mara nyingine aliuficha mstari ndani kabisa, karibu na mdomo wa tairi, makusudi aitaabishe mashine, lakini mashine haitaabiki, ikauzungushia kisanduku palepale. Jumatatu moja alinichorea mrefu ukazunguka nusu ya tairi, nikajua mahubiri ya jana yalikuwa marefu. Baada ya Idi alinichorea mwezi. Aliuchora vibaya, umeelekea upande usio wake, nikakaa kuutazama kioo muda kabla sijabonyeza. Nami baada ya Krismasi nilimchorea mistari miwili inayokatana, Mungu anisamehe, ileile niliyoinunia.

Aliyepata taabu ni injinia. Mashine haikuweka picha, ilihesabu tu, na kila siku ilimwonyesha kwamba tairi la kwanza limekataliwa kisha likapita. Akaamua kwamba mashine huamka na baridi. Akaanza kuja mapema kuwasha taa zipate moto. Akafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Akabadilisha waya. Akaleta kitabu kinene cha maelezo akakisoma amesimama, amejifunika koti.

"Huwa unaona nini hasa, Bi, asubuhi?" akaniuliza.

"Sioni kitu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa akarudi kwenye kitabu. Alikuwa kijana mzuri na nilimwonea huruma, lakini si huruma ya kutosha.

Mara moja tu tuliketi tena kama zamani. Ilikuwa adhuhuri imepita, stima ikapotea mji mzima, mashine ikazima na chumba changu kikawa giza la kweli. Palikuwa na lori la mteja linangoja langoni. Msimamizi akahangaika, mwisho akatuita sote wawili, akatuambia tuyatazame matairi uani kwa mwanga wa jua, kwa namna yetu ya kale. Tukayaburura yale magurudumu ya chuma kutoka ghalani, yameshika vumbi. Tukaketi. Nilimwona kwamba amekonda, na nyusi zake zimeungua kidogo kwa moto wa matanuri. Yeye aliona sweta.

"Mtani, wauguwa?"

"Siugui. Huko ndani ni Ulaya."

"Ulaya yenyewe haikukufanya mweupe."

"Na wewe matanuri hayakukumaliza? Nyama ya Kigiriama haiivi upesi."

Akacheka mpaka akashika tairi. Tukazungusha. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kidogo, kisha vikakumbuka. "Waonani?" "Sioni kitu." Alianza kunipa habari ya mkwewe, mama wa mkewe, ambaye ana mnazi ulioinamia nyumba na hataki ukatwe. Wamengoja mpaka amekwenda kanisani, wakamwita mpanda minazi apande aukate kuanzia kileleni. Akapanda. Alipofika juu, yule mama huyo anarudi, amesahau miwani yake. Akamwona. Akakaa chini ya mnazi, akasema hashuki mtu hapa. "Sasa yule mpandaji kule juu," mtani akaniambia, "akamwita mkwe wangu akamwambia..."

Hapo stima ikarudi. Kipoza hewa kikaanza kunguruma na msimamizi akapiga makofi kwamba haya, haya, kila mtu mahali pake.

"Akamwambia nini?" nikauliza.

"Nitakwambia," akasema, akajipangusa mikono, akaenda zake.

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha ya kijinga. Nilijipa kazi ya kukisia mwisho wa ile hadithi, nikatunga miisho mitatu njiani nikipita Mwembe Tayari, na wa tatu ulinichekesha mbele za watu. Sikuwa na haraka. Stima ya Mombasa wakati huo ilikuwa haikosi kupotea tena.

Ilipotea, lakini usiku, au Jumapili. Na mstari ukaendelea kuja kila asubuhi, nami nikaendelea kuujibu, mpaka siku moja tairi la kwanza lilipoingia nikiwa nimeshika chaki tayari. Likazunguka. Likamaliza. Kioo kikabaki kitupu.

Nikafikiri ameuficha safari hii amenishinda. Nikalizungusha tena, macho nimeyasogeza karibu na kioo mpaka pumzi yangu ikatia ukungu. Hakuna. Nikabonyeza kijani. Pengine amechelewa, pengine anaumwa, la pili litakuja na kitu. La pili likapita, na la tatu, na mengine yote.

Kabla ya mchana pazia likafunuliwa, injinia akaingia uso unameremeta. Alikuwa amezirekebisha taa jana yake, akaniambia, akazisogeza kidogo tu, na tazama leo. Hakuna nyekundu hata moja. Imepona. Akaninyooshea mkono, nikaupokea.

"Hongera," nikamwambia.

Mchana ule sikula. Nilikwenda upande wa matanuri, mahali nisipokwenda kabla, buibui nimelishika juu lisiguse mafuta. Mahali pa mtani alikuwa amesimama mtu mwingine nisiyemjua. Nikamwuliza aliyekuwa hapa yuko wapi. Akaniambia watu wa zamani wa matanuri wamepunguzwa jana, biashara mbaya. Waliitwa baada ya king'ora, wakarudisha maovaroli yao, wakapanda lori. Mimi jana baada ya king'ora nilikuwa njiani naelekea kuchagua mahamri.

Hakuna aliyeniambia. Na aniambie nani? Mimi na yule mtu hatukuwa kitu chochote cha watu kuambiwa. Si ndugu, si jirani, si wa dini moja, hata kazini tulikuwa tumetengwa na ukuta. Kaloleni ni kubwa, na hata ningeijua nyumba, ningepiga hodi nikasema mimi nani? Mwanamke wa Mji wa Kale anamtafuta mume wa mtu, amwulize mpanda mnazi alisema nini. Nilirudi chumbani mwangu nikalia, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba ni giza.

Asubuhi zilizofuata zilikuwa safi zote. Injinia akapunguza kuja. Yule mtu mpya alikata vinyweleo vizuri, sina ubaya naye, matairi yake yaliingia moja moja, yamenyamaza.

Sijui ilipita muda gani. Siku moja niliamka mapema, nikafika kiwandani yupo mlinzi peke yake. Nikapitia matanuri. Matairi ya jana yalikuwa yamepangwa foleni mbele ya mlango wa mashine. Nikatoa kile kipande cha chaki, nikainama kwenye la mbele, nikachora mstari mfupi begani. Niliulaza kushoto kidogo. Kisha nikaingia kwangu, nikavaa sweta, nikaketi, nikangoja kazi ianze.

Ti, ti. Kisanduku cheupe kikauzunguka ule mstari pale katikati ya kioo, na wallahi kwa kitambo kidogo moyo wangu ulidanganyika, ingawa vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye vidole vyangu. Nikafungua kidirisha, nikachora mwezi chini yake. Nikabonyeza chekundu. Tairi likashuka kwa mlango wa ubavuni, nami nikakaa kulingojea.

Halikurudi. Yule mtu mpya hakujua la kulifanya, akalisimamisha ukutani akaendelea na mengine. Saa za kula zilipokaribia msimamizi akafunua pazia, akaniita nje. Mwanga ulinichoma macho. Tairi lilikuwa limeegemea ukuta na mstari wake na mwezi wake, kama yalivyokuwa yakitoka matairi yetu yote.

"Hili lina nini?" akaniuliza.

"Halina kitu," nikasema. "Limeonwa na watu wawili."

Kisha akachukua kitambaa kilichokuwa juu ya ndoo, akaufuta mstari, akaufuta na mwezi, akalisukuma tairi mlangoni pa mashine. Nami nikarudi kitini kulipitisha.